Shuka Yenye Tundu la Mraba

Bunia, Shari, tarehe 11 Agosti 2025

...na ndiyo maana, Mama mukwe wangu mupendwa, hata nilipofunga bahasha ya juma lililopita nilikuwa bado sijamaliza kusema. Nilikuwa nimefika pale bwana wangu Michée aliponibeba siku ya arusi. Ngoja nimalize, la sivyo sitalala.

Ulikuwepo, uliona. Gari ya maarusi ilishindwa na matope, na shangazi zangu wakapiga kelele: bibi-arusi avue viatu! Michée akasema, "Hapana. Hivi viatu vimetoka Kampala, haviwezi kufia hapa." Akaninyanyua na gauni yote, na yule Orly, binamu yangu, akamutania: "Bwana-arusi, ukimuangusha tunarudisha mbuzi zenu!" Hatua thelathini na mbili mpaka mulangoni. Nilizihesabu juu ya shingo yake. Mama, tangu siku ile miguu yangu haijagusa chini.

Unisamehe ninakuandikia badala ya kupiga simu. Ni haya. Sijafikisha hata mwezi katika jina lenu, na nikifikiri kusikia sauti yako kwa sikio langu, ninaweka simu chini. Karatasi haina macho. Ninampa Fiacre, shofere wa lori anayepanda Mahagi mara mbili kwa juma, naye anakuletea.

Mutoto wako anashona kuanzia asubuhi, na akishona anaimba bila maneno, mmm, mmm, kufuata mashine. Ile dawa yake ya vitamini anakunywa kila jioni bila kusahau, nyuma ya nyumba, kama mutu anayesali. Nimemuambia nami nataka vitamini, akaficha kopo nyuma ya mugongo na kunibusu. Unamuona namna alivyo?

Kitu kimoja tu kinanisumbua, na ni kidogo. Ana jipu karibu na kinena, upande wa kuume. Alinificha siku nyingi, akilala na suruali, nami nikafikiri ni heshima. Sasa anatembea akivuta muguu. Mama Clarisse, jirani yetu, alinifundisha kukanda na kitambaa cha maji ya moto, nimekanda siku tatu, lakini linazidi kukua. Na ajabu yake, Mama: linapiga! Niliweka kidole nikasikia tu, tu, tu. Nikamuambia Michée, "Moyo wako umenikimbilia mpaka huku chini." Akacheka, lakini kidogo.

Usijali. Muganga Willy wa kartye, mutaa wetu wa Shari, mwenye kachumba ka dawa pale kwenye njia panda, ameliangalia juu ya suruali na kusema limeiva. Atalikata siku ya posho, Jumamosi, asubuhi.

Nakusalimia na mikono yote miwili,
Glodie wako, mwenye furaha nyingi mupaka inamwagika


Mahagi, tarehe 14 Agosti 2025

Glodie mutoto wangu,

Sasa umekwisha kusikia sauti yangu, na si namna nilitaka uisikie. Fiacre alinipa barua yako saa nne. Saa nne na robo nilikuwa kwa Arielle, jirani mwenye simu, bila kiatu. Ukasema "Eh, Mama," na haya ikakufunga mudomo, na mimi nikapiga kelele mbele ya watu wote: Asikatwe! Asikatwe! Haukuuliza juu ya nini, kwa sababu gani. Ulisema tu, "Ndiyo, Mama," nikasikia unakimbia. Mungu akubariki kwa ile mbio.

Sasa nakuambia juu ya nini. Naandika mimi mwenyewe, polepole, juu Arielle asisome.

Michée hakwenda Kampala kununua vitambaa, namna tulikuambia. Alikwenda juu ya moyo. Alipokuwa mutoto alipata homa ya koo na ya viungo, na ile homa ikamuachia mulango moja wa moyo umekwama, haufunguki vizuri. Ndiyo maana hakuwa anacheza mupira. Kule Kampala, tarehe 21 ya mwezi wa saba, waliingiza muria, yaani murija mwembamba, kwa mushipa wa paja, ukapanda mpaka ku moyo, na ku mwisho wa muria kulikuwa kampira kadogo. Wakakapuliza, mulango ukafunguka. Kisha wakatoa muria. Hawakumupasua kifua. Alitoka akitembea, na akapumua namna sijamuona kupumua tangu kuzaliwa.

Wakamuambia: majuma ya kwanza usibebe kitu kizito. Wakamupa dawa ya kulegeza damu. Hiyo ndiyo "vitamini" yake.

Na siku kumi na mbili kisha, mbele ya macho yangu, anakubeba weye. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilifunga macho.

Ile fasi, pale mahali panapopiga, si jipu. Ni palepale muria uliingilia. Bila shaka yeye mwenyewe alifikiri ni kidonda kimeoza, akaona aibu kumuambia Willy kidonda kilitoka wapi.

Ni mimi nilimuambia anyamaze. Kulikuwa binti mwingine kabla yako. Wazazi wake waliposikia "moyo," walirudisha kila kitu na wakafunga mulango. Siku ya mazungumuzo ya familia, baba yako aliuliza, "Kijana iko na afya?" Kaka yangu akajibu, "Iko na nguvu sawa ngombe." Na mimi mama yake nilikuwa pale, nikaangalia kikombe changu.

Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Lakini kwanza mupeleke hospitali.

Gertrude, mama yake


Bunia, tarehe 17 Agosti 2025

Mama,

Nilikasirika. Nitaandika hivyo kwanza, juu siwezi kuandika kitu kingine kabla ya hilo. Siku mbili sikumuita "mupenzi." Nilimuita "Michée" tu, na kila mara alitikisika kama nimemurushia jiwe. Lakini nilipolia sana haikuwa juu ya uongo. Nililia juu ya zile hatua thelathini na mbili. Nilikuwa nimeziweka mahali pazuri kabisa ndani yangu.

Nikueleze. Siku ile ya simu nilikimbia mpaka kwa Willy kumuambia hakuna kukata. Alikasirika kwanza. Nilipomuambia Kampala na muria, alikaa chini, akasema, "Mama, ningekata, ingekuwa mukono wangu uliomuua." Ni yeye aliyetafuta gari, akamulaza Michée kwenye kiti cha nyuma.

Pale hospitali kuna Daktari Moïse, kijana, anayeongea polepole. Aliweka masikio yake ya mupira juu ya uvimbe akasikia unavuma. Akatuchorea kwenye karatasi. Mushipa mukubwa wa damu ulitobolewa kuingiza muria, na tundu lile halikufungika. Kila moyo unapopiga, damu inatoka kidogo, inajikusanya kando na kufanya mufuko ndani ya nyama. Mufuko ule una shingo nyembamba inayoushikanisha na mushipa. Ndiyo maana unapiga. Maji yangu ya moto yalikuwa yanauzidisha, na kisu cha Willy kingemwaga damu ambayo hakuna mutu katika Shari angeweza kuizuia.

Dawa yake ipo, Mama! Kwanza mutu anatazama ndani kwa mashine ya ekografi, ile yenye picha, kisha anakandamiza na kile kichwa cha mashine juu ya ile shingo, kwa nguvu, dakika nyingi, bila kuhama, mpaka damu ya mufukoni isimame na kuganda. Daktari Moïse alizungumuza na wale wa Kampala kwa simu, wamekubaliana aache dawa ya kulegeza damu kwa siku chache.

Lakini mwenye mukono wa kazi ile hapa ni mutu moja. Unamujua. Ni baba yangu, Papa Fulgence. Miaka ishirini na sita anakaa nyuma ya ile mashine.

Michée amekataa.

Unajua desturi kuliko mimi. Yeye hawezi hata kukaa kiti kimoja na baba yangu. Wakikutana njiani, anatoka njiani na kuingia majanini. Sasa avue suruali mbele yake, na alale? Amesema, "Afazali nikufe na heshima yangu." Anataka kupanda gari kwenda Kampala kesho kutwa. Daktari amemuambia ile njia na mashimo yake inaweza kupasua mufuko kabla hajafika mupaka wa Uganda. Anageuza uso kwenye ukuta. Simu hataki kuishika.

Na Papa hajui bado mugonjwa ni nani. Wala hajui tulimudanganya. Ninasema "tulimudanganya," umeona, Mama? Sijui lini nilianza kuwa wenu.

Mwandikie Michée. Fiacre anarudi huku kesho.

Glodie


Mahagi, tarehe 18 Agosti 2025

Michée,

Muke wako atakusomea hii kwa sauti, na ukigeukia ukuta atausomea ukuta.

Uliishi ndani ya tumbo langu miezi tisa bila suruali. Kule Kampala watu hata majina yao haujui walikuona, na haukukufa. Sasa mutu aliyekupa binti yake unaona atakula macho yako?

Desturi ilifanywa juu ya kuchunga watu. Ukiifanya ikuue, ni mimi nitazika, si desturi.

Nilikufundisha kuficha. Nilikosa. Leo nakufundisha kingine: lala kwa ile meza.

Baba ya muke wako nitamupigia mimi mwenyewe, sasa hivi, muwino ukiwa haujakauka. Nitamuambia yote. Asiambiwe na mwingine.

Mama yako


Bunia, tarehe 22 Agosti 2025

Mama! Mama! Mama!

Umesikia kwa simu kwamba lile tundu limefungika, lakini kwa simu nililia tu, haukuelewa kitu. Keti. Weka chai.

Nilisoma barua yako. Ukuta ulisikiliza vizuri. Nilipofika pa "bila suruali," mabega ya Michée yalianza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka. Akageuka. Akasema, "Leta shuka yetu. Na mukasi."

Ile shuka nyeupe ya arusi, Mama. Aliilaza juu ya magoti, akapima na vidole, akakata tundu la mraba, kubwa kama kiganja. Ili Papa aone pale tu, na kisionekane kitu kingine cha mukwe wake. Kisha akaomba sindano. Nikamuambia, "Michée, muda gani huu wa kushona?" Akasema, "Siwezi kumuonyesha muzee kazi yenye nyuzi zinazoning'inia." Akakunja upindo pande zote nne, pale kitandani, na homa ya woga usoni. Vishono vidogo kama mbegu za ulezi.

Alhamisi, tarehe 21, tukaingia. Daktari Moïse alimuchoma sindano ya kupunguza maumivu. Michée akalala, shuka juu, na usoni akaweka kikwembe changu, kile kitenge cha kiunoni. Papa akaja, lakini akasimama mulangoni, mugongo kwetu.

"Mukwe, iko?"

"Niko, Papa."

"Usiniitikie. Leo miye si Papa. Miye ni sehemu ya mashine."

Akaingia kinyumenyume, Mama, nakuapia, mpaka kwenye kiti chake, uso kwenye picha. Mukono wake ukatafuta shuka. Akagusa upindo. Akaugusa tena.

"Nani ameshona hii?"

Chini ya kikwembe: "Ni miye."

"Lini?"

"Jana. Nyuzi zingekusumbua."

Papa akavua miwani. Aliisafisha, na haikuwa na uchafu.

Mimi walinipa kazi. Daktari Moïse alisema, "Mama, shika huu muguu wake. Ukisikia unakuwa baridi, sema." Juu kukandamiza kunapaswa kufunga ile shingo ya mufuko, si kufunga njia ya damu inayoshuka muguuni. Basi nilishika ule muguu kwa mikono miwili, na naweza kukuambia kila kidole chake.

Kwenye picha niliona ule mufuko, kama yai. Ndani yake rangi nyekundu na bluu zikizunguka, zikizunguka, na kando yake mushipa wenyewe unapiga. Papa akaweka kichwa cha mashine na kukandamiza. Michée akauma kikwembe. Dakika kumi na tano. Papa akalegeza polepole. Rangi zikarudi kuzunguka.

"Tena," Papa akasema.

Dakika kumi na tano nyingine. Rangi zilikuwa kidogo, lakini zilikuwepo. Jasho likamutiririka Papa mpaka kwenye kola. Daktari Moïse akasema, "Papa Fulgence, nikusaidie." Papa akasema, "Hapana. Nimekwisha kuijua shingo yake. Nikitoka tunaanza mwanzo." Kisha akasema, bila kugeuka, "Glodie, muguu?"

"Moto, Papa."

"Mukwe, unapumua?"

"Uliniambia nisikuitikie."

Daktari Moïse alicheka mpaka akashika meza. Hata Papa, niliona shingo yake ya nyuma inacheka. Akakandamiza mara ya tatu.

Sikuhesabu dakika hizo. Niliomba, lakini sikupata maneno, nilikuwa nasema tu "Aksanti, aksanti," kama kimekwisha kufanyika, juu niliogopa kusema kitu kingine. Papa alipolegeza, alilegeza kama mutu anayeweka mutoto aliyelala. Mufuko ulikuwa mweusi. Hakuna nyekundu, hakuna bluu. Na kando yake mushipa ulikuwa unaendelea kupiga, mwekundu, safi, ukishuka kwenda kwenye muguu niliokuwa nao mikononi.

"Imesimama," Papa akasema. Akatoka uso kwenye ukuta, bila kututazama, vilevile alivyoingia.

Michée alilala chali mpaka asubuhi bila kukunja muguu. Leo wametazama tena: bado mweusi. Daktari anasema damu ile iliyoganda itaisha yenyewe polepole. Sasa hakuna kubeba, na mara hii hakuna kuficha. Zile dawa ataanza tena siku Daktari atakayosema, na atakunywa mbele yangu, kwenye kopo lenye jina lake halisi.

Sasa kile nisichokuambia kwa simu. Nilimufuata Papa kolidori, nikapiga magoti kumushukuru. Akaniinua. Macho yake hayakuwa ya kucheka tena. Alisema, "Nimefanya kazi yangu, na ningeifanya hata kwa mutu wa njiani. Lakini miye natazama ndani ya watu kila siku, Glodie. Waliona sitaweza kuvumilia kuona ndani ya mukwe wangu? Niliuliza swali na nikapewa ngombe. Yale mazungumuzo hayakuwa mazungumuzo."

Mama, unajua maana yake. Mazungumuzo yasipokuwepo, arusi imesimama juu ya nini? Ana haki ya kuniita nyumbani. Jana nilipata bwana wangu, na leo sijui kama niko bibi yake.

Glodie, anayeshukuru na kuogopa


Mahagi, tarehe 1 Septemba 2025

Papa Fulgence,

Ile siku ya simu ulinisikiliza bila kukata neno, ukasema, "Nimesikia, Mama. Kwanza tumutunze," ukafunga. Nilijua "kwanza" inaacha nafasi ya "kisha." Nimekuja kwa hiyo "kisha."

Ulitupa binti yako juu ya neno letu, na neno letu lilikuwa bovu. Sitasema ni kaka yangu. Miye nilikuwa pale na mudomo wangu.

Niliogopa utafunga mulango kama wale wa kwanza. Na ni mukono wako uliofunga tundu la mutoto wangu. Kila asubuhi ninafikiri ile mikono mbele ya kufikiri chai.

Kama unamuita binti yako arudi, ni haki yako, sitapiga kelele. Lakini ninaomba kitu kimoja. Kaa mbele yangu mara nyingine na uniulize. Popote utapenda, mbele ya watu utapenda.

Gertrude


Bunia, Shari, tarehe 15 Septemba 2025

Mama wangu,

Barua yako kwa Papa ilikaa mufukoni mwake siku kumi. Mama yangu aliiona kila alipofua kanzu yake ya kazi. Aliitoa, akaipiga pasi, akairudisha. Jana kisha kanisa akaja kwetu. Michée, kwa mazoea, alikuwa anatoka kupitia mulango wa nyuma. Papa akasema, "Kaa. Kitu nilichopaswa kukimbia nimekwisha kukiona katika mashine." Mama, walikaa benchi moja! Mwisho moja na mwisho mwingine, katikati wangekaa watu watano, lakini benchi moja!

Alikuja na majibu ya vipimo vya juma lililopita. Mufuko umekauka, mushipa ni muzima, mulango wa moyo unafunguka vizuri. Michée amepata ruhusa ya kusafiri kwa gari, akae mbele, na tusimame kila saa anyooshe muguu.

Kisha Papa akatoa barua yako, akaifungua juu ya goti. Akasema, "Mwanamuke aliyeandika hii hatanipa ngombe tena." Akamugeukia Michée, namna yake ya kugeuka nusu tu, akamuambia atayarishe wazee wa kwenu. Tutakaa upya, swali kwa swali, kuanzia lile la kwanza, na mara hii ni weye, Mama, utajibu. Akanitazama mimi: "Na weye utaulizwa tena kama unamutaka, na moyo wake namna ulivyo."

Michée alikunja uso kwa woga. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama kutafuta gauni! Wanawake wangapi wanaulizwa mara mbili, Mama? Mara ya kwanza nilisema ndiyo kwa mwanaume nisiyemujua vizuri. Sasa ninajua namna damu yake inatembea mpaka kwenye kidole cha mwisho, na nitaisema ile ndiyo kwa sauti ambayo hata Arielle, jirani yako, ataisikia kule kwake.

Mukono wako nitaushika kwa mukono wangu, bila karatasi katikati, na nitasema aksanti mpaka uchoke. Mwambie kaka yako asafishe koo, lakini anyamaze. Tunapanda Mahagi Ijumaa, tarehe 26, Papa, Mama yangu, Michée na mimi. Mwezi hautaisha kabla hujatuona mulangoni kwako.

Glodie